Picha Unayoonyeshwa na Faili Uliyopakia

Umepiga harusi, umehamisha picha kwenye kompyuta, umeziacha zipande mtandaoni usiku kucha. Asubuhi unafungua kivinjari na kukuta moja ya mambo manne. Picha zinapendeza vilevile zilivyoonekana nyuma ya kamera. Au zimepauka na kuingia ukijani usioujua ulikotoka. Au zinapendeza zikiwa ndogo, lakini ukizikuza zinakuwa ukungu mtupu. Au hakuna picha kabisa, ni alama ya karatasi nyeupe yenye herufi CR3 au ARW. Wengi wakifika hapo hulaumu lenzi, wengine kadi, wengine bando. Mara nyingi faili zote ziko salama, na tofauti yote inatokana na nani aliyeichora picha unayoitazama.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unapiga picha ghafi (RAW), kwa kamera au kwa simu, na kuzitunza Google Drive, Dropbox, OneDrive, iCloud au kwingineko. Ukishajua kile kinachoonyeshwa kimetoka wapi, hutaifuta kadi kwa kuamini kijipicha, wala hutatupa picha nzuri kwa sababu kijipicha chake ni kibaya.

Kwa nini lazima mtu akuchoree

Kivinjari chako hakijui kufungua faili ghafi. Chrome wala Firefox hazina uwezo wa kusoma NEF ya Nikon au RAF ya Fujifilm, kwa sababu ndani ya faili hizo bado hakuna picha kamili. Kihisi cha kamera nyingi kimefunikwa na vichujio vidogo vya rangi, kwa mpangilio aliobuni Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya buluu. Kwa hiyo kila nukta ya kihisi hupima rangi moja tu. Kamera ya megapikseli 24 inahifadhi namba milioni 24, na kwa kila nukta rangi mbili hazipo. Programu ndiyo itakayozikisia baadaye kwa kuangalia nukta za jirani, kisha ipange mizani ya weupe, mwangaza, mkazo wa rangi na ukali.

Ndipo utamu wa faili ghafi ulipo. Namba ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi. Shela jeupe lililochomwa na jua la saa saba bado linaweza kurudishiwa nyuzi zake. Lakini utajiri huo ni wa kompyuta yako na programu yako ya kuhariri. Hifadhi ya mtandaoni haina budi kukutengenezea picha ya kutazamia, yaani JPEG au kitu cha aina hiyo, ndipo kivinjari kiweze kukionyesha. Kuipata, seva ina njia mbili.

Ya kwanza ni kuichomoa iliyokwishatengenezwa. Karibu kila kamera, inapoandika faili ghafi, huweka ndani yake JPEG moja au zaidi, ile unayoiona kwenye kioo cha nyuma ukimaliza kupiga. Seva inaichomoa tu na kuipunguza. Kazi hiyo haichoshi mashine, jambo lenye uzito kwa kampuni inayopokea mamilioni ya faili. Rangi zake ni za kamera, kwa mtindo ule ule uliouchagua kwenye menyu, na ndiyo maana zinapendeza.

Shida ni ukubwa. Canon nyingi na Nikon nyingi huweka JPEG ya ndani yenye ukubwa wote wa picha. Miundo mingi ya Sony ya miaka ya nyuma huweka ya pikseli 1616 kwa 1080 ndani ya faili ambayo picha yake kamili ni 6000 kwa 4000. Ukikuza hiyo kwenye kivinjari kuangalia kama jicho la bibi harusi limekaza, utaona ukungu na kudhani ulikosa fokasi. Fokasi ilikuwepo; unakuza picha isiyofikia hata megapikseli mbili. Kwenye simu hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Android ilianza kuruhusu faili ghafi za DNG katika toleo la 5.0 la mwaka 2014, na programu za kamera zinazotumia chombo chake cha kuandikia DNG haziwezi kuweka ndani kijipicha kinachozidi pikseli 256 kwa upande. Nyingine haziweki chochote.

Njia ya pili ni seva kuisafisha faili ghafi yenyewe. Hapo hutumika programu kama LibRaw, iliyotokana na dcraw ambayo Dave Coffin alianza kuiandika mwaka 1997. Programu hiyo haijui, au haijali, kwamba uliweka mtindo wa rangi za mandhari au ngozi laini. Inafuata mahesabu yake. Matokeo yanaweza kuwa na giza kidogo, bapa, na pale mizani ya weupe isiposomwa vizuri, ukijani unaotokana na kihisi kuitikia kijani kwa nguvu zaidi. Ubaya huo haujagusa faili yako hata kidogo. Ukiipakua na kuifungua kwenye programu yako, rangi zitakuwa zile unazozifahamu.

Jipimie mwenyewe kwa picha moja

Usiulize watu hifadhi yako inatumia njia gani, maana huduma hizi hubadilika na kila mtu atakupa jibu la siku yake. Jipimie. Weka kamera ipige ghafi peke yake, bila JPEG ya pembeni. Ingia kwenye mitindo ya rangi, chagua nyeusi na nyeupe, kisha piga kitu chenye rangi kali: kanga, nyanya sokoni, daladala. Pakia faili hiyo moja.

Ikionekana nyeusi na nyeupe mtandaoni, unaonyeshwa JPEG ya ndani, kwa sababu mtindo huo uliathiri ile tu. Data ghafi bado ina rangi zote. Ikionekana ya rangi, seva imeisafisha yenyewe. Ikionekana nyeusi na nyeupe kwa sekunde moja halafu ikageuka kuwa ya rangi, kama inavyotokea katika Lightroom unapoingiza picha, basi programu ilianza na ya ndani ikamalizia na kazi yake. Hilo la mwisho huwashtua wanaoanza, wakadhani programu inawaharibia picha mbele ya macho yao.

Jaribio lile lile likupe na ukubwa. Fungua picha ya kutazamia kwa upana wote wa skrini, ihifadhi kwa kubofya kulia ikiwa huduma inaruhusu, kisha angalia vipimo vyake vya pikseli. Ukipata 1616 au 2048 upande mrefu, umeshajua kwamba huduma hiyo haifai kuamulia ukali wa picha. Itumie kuchagua sura na mkao. Fokasi kaiangalie kwenye kompyuta.

Rudia jaribio kwenye simu pia. Programu ya simu na tovuti ya huduma ile ile hazilazimiki kutumia picha moja ya kutazamia, na wateja wengi watafungua kwa simu.

Ile karatasi nyeupe

Alama tupu badala ya picha haimaanishi faili imekufa. Maana yake ni kwamba seva haijui aina hiyo, au foleni bado haijaifikia. Ukipakia faili mia sita kwa mpigo, vijipicha vya mwisho vinaweza kuchelewa sana kutokea. Subiri kabla hujapakia upya, usije ukajaza nafasi kwa nakala mbili mbili.

Ikiwa umesubiri na hakuna kitu, angalia umri wa kamera yako. Kamera mpya huja na aina mpya za faili, na seva hujifunza baadaye. Canon ilipotoa EOS M50 mwaka 2018 ilileta CR3, ambayo muundo wake unafanana na wa faili za video kuliko wa CR2 iliyotangulia. Programu zilizozoea CR2 hazikuwa na pa kuanzia. Nikon Z9 ya mwishoni mwa 2021 ilileta ugumu wa aina nyingine: jina la faili liliendelea kuwa NEF, lakini ukichagua ubanaji wake mpya, data ya ndani haisomeki kwa programu nyingi za kujitegemea. Kwa hiyo usiridhike ukisoma kwamba huduma fulani “inakubali NEF”. Uliza kamera gani, na ubanaji gani. Ukiona faili za kamera ya zamani zinaonekana na za kamera mpya hazionekani, na zote zina herufi zile zile tatu, umepata jibu.

Kompyuta yako nayo ina mambo hayo hayo. Kwenye Windows 10 na 11, vijipicha vya faili ghafi hutegemea kiongezi cha bure cha Microsoft kiitwacho Raw Image Extension, kilichotoka 2019 na kujengwa juu ya LibRaw. Kwenye Mac uwezo huo umo ndani ya mfumo wenyewe, hivyo kamera mpya kwenye Mac isiyosasishwa itakupa karatasi tupu hadi usasishe.

Njia moja ya kutokea ni DNG, aina ya faili iliyotolewa na Adobe mwaka 2004 ili isifungwe na kampuni moja ya kamera. Programu ya bure ya Adobe DNG Converter hubadilisha faili za kamera nyingi kuwa DNG, na unapoitumia hukuuliza ukubwa wa JPEG ya ndani: hakuna, wa kati, au kamili. Chagua kamili. Faili itanenepa kidogo, lakini utakuwa umeamua mwenyewe kile ambacho hifadhi itakionyesha. Binafsi sishauri kubadilisha maktaba yote kuwa DNG na kufuta za asili. Badilisha zile unazotaka zionekane, za asili ziache zilipo.

Umehariri, mtandaoni hakuna kilichobadilika

Hili ndilo linalozua maneno na wateja. Umekaa na picha usiku mzima, umerekebisha ngozi, umenyoosha upeo wa bahari, umekata mtu aliyejipenyeza pembeni. Unapakia CR3, mteja anafungua kiungo, na yule mtu bado yuko pembeni.

Programu za kuhariri hazigusi data ghafi. Lightroom na wenzake huandika maagizo ya uhariri ama kwenye katalogi yao, ama kwenye kifaili kidogo cha XMP kinachokaa jirani na picha chenye jina lile lile. Hifadhi ya mtandaoni haiyasomi maagizo hayo inapotengeneza kijipicha. Inaonyesha JPEG ya ndani kama kamera ilivyoiandika saa ile ulipobonyeza, au picha iliyoisafisha yenyewe. XMP yenyewe itaonekana kama faili ya maandishi isiyo na maana kwa mteja, naye akiifuta kwa kuona ni takataka, kazi yako ya usiku inaweza kupotea. Pakia XMP pamoja na picha ghafi kwa ajili yako, na folda hiyo usimpe mtu.

DNG ina nafuu hapa pia: maagizo hukaa ndani ya faili, na Lightroom Classic ina amri ya kusasisha JPEG ya ndani ya DNG ifuate uhariri wako. Ukiifanya kabla ya kupakia, huduma inayochomoa ya ndani itaonyesha picha iliyohaririwa. Huduma inayosafisha yenyewe itaendelea na mahesabu yake.

Kuna tofauti nyingine ndogo za aina hii zisikusumbue akili. Ukipanga kamera ipige kwa umbo la mraba, mara nyingi JPEG ya ndani itakuwa ya mraba wakati data ghafi imebaki na upana wote. Ukichagua Adobe RGB kwenye kamera, picha ya kutazamia inaweza kuonekana imefifia kwenye huduma isiyozingatia wasifu wa rangi. Utazitambua faili hizo kwa mstari wa chini mwanzoni mwa jina, kama _MG_ kwa Canon au _DSC kwa Nikon. Picha za wima kulala ubavu ni alama ya mwelekeo isiyosomwa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ajali.

Kijipicha kizuri juu ya faili iliyokatika

Hadi hapa nimekutuliza. Sasa upande wa pili, ambao ndio wa kuogopa.

Katika CR2 ya Canon, JPEG ya ndani hukaa mbele na data ghafi hukaa mwishoni. Mtandao ukikatika faili ikiwa imepanda robo tatu, au kadi ikisomwa vibaya wakati wa kunakili, kipande kilichopotea ni cha data ghafi. Seva ikija kuchomoa JPEG ya ndani inaikuta nzima, na inakuonyesha picha safi kabisa, ya rangi nzuri na ukubwa kamili. Siku utakayoipakua kuihariri, nusu ya chini itakuwa ya kijivu au ya zambarau, au programu itakataa kuifungua. Kijipicha ni ile picha ya maandazi iliyochapwa kwenye mfuko wa unga: haikwambii kama ndani mmeingia maji.

Huduma kubwa huwa na ukaguzi wao wa kuhakikisha kilichotoka kwako ndicho kilichofika. Haziwezi kukukagulia kilichoharibika kabla hakijatoka, kati ya kadi na kompyuta. Kwa hiyo ukaguzi ni wako, na unafanywa kwa baiti, macho hayatoshi.

Anza na ukubwa. Linganisha faili ya kwenye kadi na ya mtandaoni, kwa baiti kamili. Megabaiti zitakuchanganya, kwa sababu Windows inahesabu kwa 1,024 na Mac inahesabu kwa 1,000, hivyo faili ile ile inaweza kusomeka 27 huku na 28 kule. Kisha tazama folda nzima kwa kuipanga kwa ukubwa. Faili ghafi za kamera moja hupishana, lakini hazipishani sana. Ukiona safu ya megabaiti 28, 30, 27, 29, halafu moja ya 9, hiyo ifungue kwanza.

Ukitaka uhakika usio na shaka, tumia alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na namba unaobadilika kabisa hata baiti moja ikibadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike:

certutil -hashfile IMG_0412.CR2 SHA256

Kwenye Mac:

shasum -a 256 IMG_0412.CR2

Chukua alama ya faili iliyo kwenye kadi. Pakua nakala kutoka mtandaoni kwa kivinjari, uiweke mahali pengine, nayo ichukulie alama. Zikilingana, kilichorudi ndicho kilichokwenda. Usiipime nakala iliyo kwenye folda inayojilandanisha na wingu. Hiyo ni ya kompyuta yako mwenyewe na haithibitishi kitu. Chagua faili chache, za mwanzo, za katikati na za mwisho wa kazi. Zaidi ya alama, zifungue kwenye programu ya kuhariri na uzikuze hadi asilimia 100, maana alama inathibitisha nakala inafanana na ile ya kadi, lakini kadi nayo inaweza kuwa na kasoro.

Na folda zinazojilandanisha zina mtego wao. OneDrive na Dropbox zinaweza kuacha jina na kijipicha kwenye kompyuta huku faili yenyewe iko mtandaoni tu, ikiwa na alama ndogo ya wingu. Ukifunga safari kwenda Serengeti na kompyuta ya namna hiyo, utaziona picha zako zote na hutaweza kuhariri hata moja. Kabla ya kuondoka, bofya kulia uamuru zibaki kwenye kifaa. Kumbuka pia kwamba kujilandanisha kunafuata hata ufutaji: ukifuta huku, kule kunafutwa.

Kila huduma na tabia yake

Google Drive huitunza faili kama ilivyo. Google Photos hukuuliza kwanza: ubora halisi, au hali ya kuokoa nafasi inayobana picha na kupunguza zinazozidi megapikseli 16. Anayepakia faili ghafi achague ubora halisi, bila mjadala. Tangu tarehe 1 Juni 2021 hata zilizobanwa huhesabiwa kwenye nafasi yako, kwa hiyo ile faida ya zamani ya kubana bila kulipia imeondoka.

iCloud hutunza faili ya asili, na Apple Photos huunganisha jozi ya ghafi na JPEG kuwa kitu kimoja. Utaona picha moja tu, na unaweza kuamuru ghafi ndiyo iwe ya asili. Ukitumia ProRAW, iliyoanza na iPhone 12 Pro mwishoni mwa 2020, ujue kila picha ya megapikseli 48 inachukua takriban megabaiti 75. Nafasi ya bure ya iCloud ni gigabaiti 5, hesabu mwenyewe.

Flickr haipokei faili ghafi kabisa, ni ya kuonyeshea JPEG.

Lightroom nayo inahitaji tahadhari, kwa sababu kuna mbili na watu huzichanganya. Lightroom ya wingu hupandisha faili ghafi yenyewe. Lightroom Classic, unapolandanisha mkusanyiko, hupandisha toleo dogo tu la pikseli 2560 kwa upande mrefu. Toleo hilo linapendeza, linaharirika kwenye simu, na kila kitu kinaonekana kimehifadhiwa Adobe. Diski yako ikifa, picha ghafi zimekufa nayo. Mtu wa Classic anahitaji nakala ya faili ghafi mahali pengine.

Mtandao wa taratibu na mteja mwenye haraka

Hesabu ya kawaida: picha elfu moja za megabaiti 30 ni gigabaiti 30. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, ni zaidi ya saa kumi na tatu, umeme usipokatika. Nafasi ya bure ya Google, gigabaiti 15, ambayo unaigawana na barua pepe zako, inabeba takriban picha 500 tu za aina hiyo. Dropbox ya bure, gigabaiti 2, haifiki hata 70.

Mteja anayetaka kuchagua picha hahitaji faili ghafi. Anahitaji zile JPEG za ndani ambazo seva ingemchomolea, na wewe unaweza kuzichomoa kabla ya kupakia. ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey, inafanya hivyo kwa folda nzima ya Nikon kwa mstari mmoja, ukiwa ndani ya folda hiyo:

exiftool -b -JpgFromRaw -w _ndogo.jpg -ext NEF .

Kwa CR2 ya Canon weka PreviewImage badala ya JpgFromRaw, na CR2 badala ya NEF. Kila picha inatoa JPEG ya pembeni, na faili ghafi haiguswi. Zikitoka na megabaiti 2 kila moja, elfu nzima ni gigabaiti 2, chini ya saa moja kwa kasi ile ile. Baadhi ya picha za wima zitalala, kwa kuwa alama ya mwelekeo haikuchomolewa pamoja nazo; zizungushe kabla ya kutuma. Usipopenda kuandika amri, piga ghafi na JPEG kwa pamoja tangu mwanzo, uzitenge kwenye folda mbili, upandishe ya JPEG mchana na ya ghafi usiku.

Kiungo cha folda ghafi usimpe mteja, hata akiomba “zote kama zilivyo”. Simu yake itapakua ARW na kumwambia haifunguki, naye atakupigia. Ndani ya faili hizo mna namba ya utambulisho ya kamera yako na, ukiwa umewasha GPS, mahali picha ilipopigwa. Kuna studio zinazouza faili ghafi kwa makubaliano na kwa bei yake. Hilo ni la mkataba.

Akishachagua, hariri, kisha toa JPEG mpya zenye ukubwa kamili na wasifu wa sRGB, uziweke kwenye folda ya peke yake. Akitaka kwa WhatsApp, zitume kama hati, la sivyo zitabanwa njiani. Mwambie kabisa asipeleke kwa mchapaji zile za kuchagulia. Picha ya ndani ya pikseli 1616 kwa 1080, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatoa karatasi ya sentimita 13.7 kwa 9.1. Anayetaka fremu ya sentimita 20 kwa 30 anahitaji pikseli 2362 kwa 3543, na hizo atazipata kwenye JPEG uliyoitoa baada ya kuhariri.